Kujifunza Kuongoza Mashua Karibu na Pwani kwa Ramani ya Bahari na Setilaiti

Kifaa cha GPS humwambia nahodha mahali alipo juu ya uso wa dunia, lakini hakimwambii kama hapo pana maji ya kutosha, kama mbele yake kuna mwamba, wala kama mkondo unamsogeza ufukweni. Hayo huelezwa na ramani ya bahari, na ramani nayo haijui chombo kiko wapi mpaka mtu aweke nukta juu yake. Ndiyo maana anayetaka kuongoza mashua salama karibu na nchi kavu anapaswa kuvijua vyote viwili, na zaidi ya hapo ajue namna ya kutumia kimoja kukikagua kingine. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao naamini humjenga mwanafunzi vizuri zaidi: karatasi kwanza, setilaiti baadaye, kisha vyote pamoja baharini. Aliyeanza na skrini huzoea kuiamini alama ya mashua inayosogea bila kuuliza ilivyopatikana, ilhali aliyeanza na penseli huuliza.

Vifaa vya kujifunzia ni vichache. Tafuta ramani ya karatasi ya eneo utakalosafiri, yenye skeli kubwa kuliko zote zinazopatikana, pamoja na orodha ya alama za ramani, ambazo zimekubaliwa kimataifa na hujulikana kama INT 1. Uwe na bikari ya mabaharia, rula sambamba au kipimapembe, dira ya mkononi, jedwali la maji kujaa na kupwa, saa, na daftari la safari. Penseli iwe laini, ya 2B, kwa kuwa haichimbi karatasi na hufutika bila kuacha alama.

Kuisoma ramani

Kabla ya kuitazama pwani yenyewe, soma maandishi yaliyo chini ya jina la ramani. Wengi huyaruka, ilhali humo ndimo yalimo masharti ya kuisoma ramani nzima: kama kina kimeandikwa kwa mita au kwa pima, skeli ni ipi, kina kinahesabiwa kuanzia usawa upi wa maji, na latitudo na longitudo zimewekwa kwa mfumo upi wa vipimo vya dunia. Baadhi ya ramani bado hutumia pima, na pima moja ni takribani mita 1.83. Tarakimu 3 kwenye ramani ya pima ni mita tano na nusu, lakini kwenye ramani ya mita ni mita tatu tu, na anayedhani mita ni pima atakipeleka chombo mahali pasipo na maji aliyoyatarajia. Skeli nayo ifikirie kwa vitendo: katika ramani ya 1:50,000, milimita moja ni mita 50 za bahari, kwa hiyo hata mstari wa penseli wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 25.

Umbali hupimwa kwa bikari. Fungua miguu yake kutoka nukta moja hadi nyingine, kisha ihamishie kwenye skeli ya latitudo iliyo ukingoni mwa ramani, kushoto au kulia. Dakika moja ya latitudo huhesabiwa kuwa maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, na chombo kinachokwenda maili moja ya baharini kwa saa kina mwendo wa noti moja. Usipime umbali kwenye skeli ya longitudo iliyo juu na chini ya ramani, kwa sababu mistari ya longitudo hukaribiana kadiri inavyozielekea ncha za dunia. Kwenye latitudo ya digrii 60, dakika moja ya longitudo ina takribani nusu ya urefu ilio nao kwenye ikweta. Tena pima kwenye sehemu ya ukingo iliyo sawa na mahali ulipo, wala si juu zaidi au chini zaidi. Ramani nyingi za pwani huchorwa kwa njia aliyoibuni Gerardus Mercator mwaka 1569, ambayo humwezesha nahodha kuchora mwelekeo mmoja wa dira kama mstari mnyoofu, lakini hurefusha masafa kadiri unavyoiacha ikweta.

Kina ndicho kiini cha ramani, na hapa mwanafunzi asione haya kukaa muda mrefu. Tarakimu ndogo zilizotapakaa baharini zinaonyesha maji yaliyopo wakati maji yamepwa sana. Nchi nyingi huchukua usawa wa chini kabisa unaotarajiwa kutokana na mvuto wa mwezi na jua, kwa hiyo karibu kila wakati huwa na maji zaidi ya yaliyoandikwa. Marekani hutumia wastani wa maji ya kupwa yaliyo ya chini zaidi kila siku, na kwenye ramani zake maji huweza kushuka chini ya tarakimu. Tarakimu iliyopigiwa mstari chini ina maana nyingine kabisa: ni kimo cha mahali panapobaki pakavu maji yakipwa.

Chukua mfano. Jedwali linasema maji yatapwa saa 10:00, yakiwa mita 0.6 juu ya usawa wa ramani, yaani ule ambao kina huhesabiwa kuanzia hapo, na yatajaa saa 16:00, yakiwa mita 3.8, kwa mtindo wa saa 24 unaotumiwa baharini. Tofauti ni mita 3.2. Maji hayapandi kwa kasi moja. Kwa kanuni ya sehemu kumi na mbili, saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2 na ya sita 1. Kufikia saa 13:00 yatakuwa yamepanda sehemu 6 kati ya 12, yaani mita 1.6, na usawa utakuwa mita 2.2. Fungu la mchanga ambalo ramani inalipa kina cha mita 1.2 litakuwa na mita 3.4 za maji, na mashua ambayo mkuku wake, yaani uti wake wa chini, unazama mita 1.5 itapita ikiwa na mita 1.9 chini yake. Kama ingepita saa 10:00, ingebakiwa na sentimita 30 tu, ambazo wimbi dogo lingezimaliza. Na pale palipoandikwa 1.4 kwa mstari chini, saa hiyohiyo ya 13:00 pana sentimita 80 za maji. Mashua hiyo ikijaribu kupita itakwama, na ikikwama wakati maji yanatoka itapwelewa hadi maji yajayo.

Kanuni hii ni ya makadirio, nayo hufaa pale ambapo maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa utaratibu wa kawaida. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti huwa kubwa na mikondo huwa na nguvu. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hupoa. Njia nzuri ya kuizoea ni kwenda gatini na mti uliotiwa alama za mita, kuukadiria usawa wa kila saa kabla haujafika, kisha kulinganisha. Upepo na shinikizo la hewa huyapandisha au kuyashusha maji kinyume cha jedwali, na ni vyema uyaone hayo kwa macho yako kabla maisha yako hayajayategemea.

Alama za hatari zijue kwa moyo. Msalaba mdogo huonyesha mwamba ulio chini ya maji, msalaba wenye nukta nne pembeni ni mwamba unaolingana na usawa wa ramani, na alama ya nyota ni mwamba unaofunikwa na kufunuliwa na maji. Mistari inayounganisha sehemu zenye kina kimoja ni msaada mkubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu inaweza kufuatwa hata gizani au kwenye ukungu ukiwa na kipima kina.

Maboya na taa

Mfumo wa maboya wa kimataifa, unaosimamiwa na IALA, shirika la kimataifa la alama za kuongozea vyombo baharini, umegawanywa katika kanda mbili. Katika kanda A, ambayo ndiyo kubwa, chombo kinachoingia bandarini kutoka baharini huacha maboya mekundu kushoto na ya kijani kulia. Katika kanda B, yaani mabara ya Amerika, Japani, Korea na Ufilipino, mambo ni kinyume. Maboya ya pande nne za dunia, yenye rangi nyeusi na manjano, hukueleza upande ulio salama kupita: lililo la kaskazini hupitwa kwa kaskazini yake. Vikoni viwili vilivyo juu yake huelekea juu kwa kaskazini, chini kwa kusini, hupeana vitako kwa mashariki, na hupeana ncha kwa magharibi. Usiku hutambuliwa kwa taa nyeupe: mashariki mimweko mitatu, kusini sita ikifuatwa na mmoja mrefu, magharibi tisa, na kaskazini mfululizo usiokatika.

Taa za minara huandikwa kwa mkato. Ukiona Fl(3) 15s 21m 16M, maana yake ni mimweko mitatu kila baada ya sekunde 15, taa ikiwa mita 21 juu, na nguvu yake ikifika maili 16. Hesabu sekunde kwa saa yenye kupima, usihesabu kwa kukisia, kwani minara miwili ya pwani moja hupewa mimweko tofauti kusudi isichanganywe. Ujue pia kwamba maili 16 hizo ni nguvu ya taa, na dunia ni ya mviringo. Umbali wa upeo wa macho kwa maili ni takribani 2.08 mara kipeuo cha pili cha kimo kwa mita. Taa ya mita 21 ina maili 9.5, jicho lililo mita 2 juu ya maji lina maili 2.9, kwa hiyo ukiwa ndani ya mashua ndogo taa hiyo itachomoza ukiwa umbali wa maili 12 na nusu hivi. Asiyelijua hilo huanza kuhangaika bure kwamba amepotea.

Kutoka kwenye ramani hadi kwenye usukani

Mwelekeo unaochorwa kwenye ramani hupimwa kutoka kaskazini halisi. Dira hufuata kaskazini ya sumaku, na tofauti kati ya hizo mbili huitwa hapa mchepuko. Huandikwa ndani ya duara la dira lililochapwa kwenye ramani, pamoja na mwaka uliopimwa na kiasi unachobadilika kila mwaka. Juu ya huo kuna hitilafu ya dira ya chombo chenyewe, inayosababishwa na chuma, injini na nyaya, nayo hubadilika kufuatana na chombo kinakoelekea. Unapotoka ramani kwenda dira, ongeza kilicho cha magharibi na utoe kilicho cha mashariki. Unaporudi, fanya kinyume.

Mkondo ushughulikiwe kabla ya dira. Tuseme unataka kwenda maili 7.5 kwa mwelekeo wa digrii 065, mashua ina mwendo wa noti 5, na mkondo wa noti 1.5 unaelekea digrii 155, yaani unakusukuma kulia moja kwa moja. Ukishika 065 bila kujali, baada ya saa moja na nusu utakuwa maili 2.25 nje ya njia, na hiyo pwani nyingi inatosha kabisa kukipandisha chombo mwambani. Chora mstari wa 065 kutoka mwanzo wa safari. Kutoka nukta hiyohiyo chora mkondo wa saa moja, maili 1.5 kuelekea 155. Fungua bikari maili 5, weka mguu mmoja mwisho wa mstari wa mkondo, na mguu wa pili ukate mstari wa njia. Mstari unaounganisha miguu hiyo ndio mwelekeo wa kushika: takribani 048. Urefu kutoka mwanzo hadi pale bikari ilipokata ni maili 4.8, ambao ndio mwendo wako halisi juu ya ardhi, kwa hiyo safari itachukua saa 1 na dakika 34. Sasa ndipo ugeuze: mchepuko ukiwa digrii 4 magharibi, 048 inakuwa 052, hitilafu ya dira ikiwa digrii 2 mashariki upande huo, mshika usukani ataambiwa 050. Nakushauri uchore pembetatu hii kwa mkono mpaka uweze kulitabiri jibu kabla ya kuchora, kwani siku ambayo skrini itaonyesha jambo la ajabu, hisia hiyo ndiyo itakayokuzindua.

Kuthibitisha mahali kwa dira ya mkononi kunahitaji vitu vitatu vinavyoonekana na vilivyochorwa kwenye ramani, kama mnara, ncha ya rasi na kilele cha kilima, vikiachana kwa digrii 60 hivi. Pima upesi, ukianza na kilicho mbele au nyuma ya chombo na kumalizia na kilicho ubavuni, kwa sababu hicho ndicho ambacho pembe yake hubadilika haraka zaidi. Andika saa. Ondoa mchepuko, kisha chora mistari mitatu. Mara chache itakutana kwenye nukta moja. Kwa kawaida huacha pembetatu ndogo, na mwenye busara hujihesabu kuwa yuko kwenye pembe iliyo karibu zaidi na hatari. Pembetatu ikiwa kubwa, rudia kazi.

Kipimo bora kuliko vyote hakihitaji kifaa chochote. Vitu viwili vilivyochorwa kwenye ramani vinapoonekana kimoja nyuma ya kingine, uko juu ya mstari unaoviunganisha, na hakuna hitilafu ya dira wala ya setilaiti inayoweza kulibadilisha hilo. Kabla ya kila safari zitafute jozi hizo kwenye ramani na uzitie alama. Zinakushikisha njia unapoingia mlango mwembamba kati ya miamba, na ukielekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kwenye jozi hiyo unaweza kuikagua dira yako papo hapo.

Setilaiti na mipaka yake

GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China hufanya kazi kwa msingi mmoja. Setilaiti za GPS, zilizo takribani kilomita 20,200 juu, hutuma mawimbi ya redio yenye saa sahihi kabisa, na kipokezi hupima muda ambao mawimbi hayo yametumia kufika. Zinahitajika setilaiti nne, kwa kuwa yasiyojulikana ni manne: latitudo, longitudo, kimo, na kosa la saa ya kipokezi chenyewe. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya raia. Tangu ilipoacha, kifaa cha kawaida kilicho chini ya anga wazi hutoa mahali kwa kosa la mita chache, mara nyingi chini ya 10.

Kabla ya kukitumia, fungua mipangilio yake ukague mambo manne. Mfumo wa vipimo vya dunia ulingane na ule wa ramani, na kwa ramani za kisasa ni WGS 84. Ramani ya zamani iliyotengenezwa kwa mfumo mwingine inaweza kuhitilafiana na kifaa kwa mamia ya mita, na kiasi cha kurekebisha, kikijulikana, huandikwa pembeni mwake. Umbali uwe kwa maili za baharini na mwendo kwa noti. Ujue pia kama mwelekeo unaoonyeshwa ni wa kaskazini halisi au ya sumaku. La nne ni namna ya kuandika dakika, ambalo huonekana dogo na limewaponza wengi: 4°12′30″ na 4°12.30′ si mahali pamoja, maana sekunde 30 ni nusu dakika, yaani 12.50. Tofauti ni sehemu mbili za kumi za dakika, sawa na mita 370 kaskazini au kusini.

Jizoeze kwanza nchi kavu. Simama mahali pa wazi uone jinsi tarakimu za mwisho zinavyochezacheza, na jinsi mwelekeo unavyozunguka ovyo ukiwa umesimama, kwa sababu kifaa huupata kwa kulinganisha mahali pa sasa na pa awali. Kisha tembea, uone unavyotulia. Hapo utaelewa kwamba GPS huonyesha mwelekeo ambao chombo kinasafiri juu ya ardhi, wala haionyeshi omo imeelekea wapi. Katika mfano wetu dira itasoma 050, ambayo ni 048 halisi, na GPS itasoma 065, na vyote viwili vitakuwa sahihi. Tofauti yao ndiyo mkondo unaoonekana kwa macho. Ikizidi ile uliyoikadiria, mkondo una nguvu kuliko ulivyodhani, nawe urekebishe mara moja.

Njia hupangwa kwa nukta za kupitia. Zichore kwenye ramani ya karatasi, kagua kwamba kila mstari unaoziunganisha hauvuki hatari yoyote hata kwa upana wa kutosha kila upande, kisha ziingize kwenye kifaa. Usiweke nukta juu ya boya lenyewe, kwani vyombo vingi hufanya hivyo na wote huishia kuelekezana mahali pamoja. Iache pembeni, upande ulio salama. Ukimaliza kuingiza, linganisha umbali na mwelekeo ambao kifaa kinatoa kwa kila kipande na ule uliopima kwa bikari na rula. Visipolingana, kuna tarakimu iliyokosewa, na huo ndio wakati wa kuipata, chombo kikiwa bado kimefungwa gatini.

Ramani za kielektroniki ni za aina mbili. Moja ni picha ya ramani ya karatasi, na ukiikuza unakuza wino uleule. Ya pili hujengwa kwa taarifa zilizopangwa kwa tabaka, na programu huamua kipi kionekane kwa kila ukubwa. Humo mna hatari ambayo napenda kila mwanafunzi aisikie mapema: ukiipunguza ramani ili uone safari nzima, miamba na mafungu madogo huweza kufichwa ili skrini isijae. Tarehe 29 Novemba 2014 mashua ya mashindano Vestas Wind ilipanda miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki mwa Morisi, usiku, ikiwa na mabaharia stadi na vifaa vinavyofanya kazi. Ramani haikukuzwa vya kutosha miamba ionekane kwa ukamilifu. Kwa hiyo baada ya kupanga njia, ipitie yote tangu mwanzo hadi mwisho ukiwa umeikuza hadi skeli kubwa, kipande kwa kipande, na ukiona skrini inatangaza kwamba umekuza kupita kiasi cha ramani, usidhani umepata maelezo zaidi.

Kisha uliza kina kilipimwa lini na kwa njia gani. Sehemu nyingi za dunia bado zina tarakimu zilizotokana na bildi, yaani kamba yenye risasi ya kupimia kina, na bildi hugusa mahali pamoja tu kila inaposhushwa. Mwamba mwembamba kati ya vipimo viwili ungeweza kukosekana. Ramani huonyesha hali hii kwa mchoro wa vyanzo au kwa madaraja: daraja A1 lina kosa la mahali lisilozidi mita 5, B mita 50, na C mita 500. Chombo kinachojua mahali pake kwa kosa la mita 8 ndani ya eneo la daraja C hakina ruhusa ya kupita mita 100 kutoka kwenye mwamba uliochorwa, hata kama skrini inaonyesha nafasi ya kutosha. Ramani yoyote, ya karatasi au ya kielektroniki, isahihishwe kwa matangazo rasmi kwa mabaharia, maana maboya huhamishwa na mafungu hutembea.

Kuviunganisha safarini

Daftari la safari ndilo hushika kazi yote pamoja. Kila saa moja, na kila nusu saa karibu na hatari, andika saa, latitudo na longitudo, mwelekeo wa dira, mwendo, kina na upepo, kisha weka nukta kwenye ramani. Kila nukta ya GPS iwe na shahidi mwingine asiyetegemea setilaiti: kina kinacholingana na ramani, jozi ya alama zilizolingana, pembe ya mnara, au mstari wa makadirio unaotokana na mwendo na muda. Mnamo Juni 1995 meli ya abiria Royal Majesty, ikitoka Bermuda kwenda Boston, ilikwama karibu na kisiwa cha Nantucket ikiwa maili 17 nje ya njia yake. Kebo ya antena ya GPS ilikuwa imechomoka muda mfupi baada ya kuondoka, na kifaa kikaendelea kutoa mahali kwa kukadiria kutokana na mwendo na mwelekeo, bila walioko kwenye chumba cha kuongozea meli kutambua. Boya moja walilodhani ndilo walilolitarajia halikuwa lenyewe. Kipimo kimoja cha kina, kikilinganishwa na ramani, kingewashtua.

Mawimbi ya setilaiti ni dhaifu sana yanapofika chini, kwa hiyo huzuiwa au hughushiwa kirahisi, mbali na betri kuisha na maji kuingia. Zima kifaa mara kwa mara katika hali njema ya hewa, mchana, ufanye mazoezi bila hicho. Kikizimika kwa kweli, chukua nukta ya mwisho iliyo daftarini, chora mwelekeo ulioshika na umbali uliosafiri tangu hapo, ongeza mkondo na namna upepo ulivyokusukuma kando, na uzungushe duara la mashaka linalokua kila saa. Panga kila hatua kana kwamba uko kwenye sehemu ya duara hilo iliyo karibu zaidi na hatari. Kama pwani haionekani, jiweke nje ya mstari wa kina ulio salama, wa mita 20 kwa mfano, hadi upate alama ya uhakika.

Na ukilazimika kuielekea pwani ukitafuta mlango mmoja tu, usilenge mlango wenyewe, maana ukifika bila kuuona hutajua ugeuke kulia au kushoto. Lenga kwa makusudi upande mmoja wake, ule usio na hatari, kwa umbali unaozidi duara lako la mashaka. Kipima kina kikishagusa mstari uliouchagua, geuka upande ule mmoja unaoujua, ukaufuate mstari huo hadi boya la mlango litambulike kwa rangi, umbo na taa yake.